Sauti ya Kilima Kipara

Fundi redio alirudi kutoka kilimani akinukia udi. Kilima chenyewe kilikuwa mawe na upepo. Mkewe alilinusa shati kabla ya kulitia kwenye beseni, akalinusa tena. Kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi alipenda kuchagua vilima vya kupandia na redio yake, kuongea na wenye redio wa mbali, kuliko kula. Alitaka kilima kirefu kuliko jirani zake, mbali na nyaya za umeme zinazokoroma redioni, chenye mti wa kutundikia waya wa antena. Lakini tangu akione Kipara, kisicho na hata kichaka, hakwenda kwingine.

"Baba Watoto, waya unautundika wapi huko?"

"Hauhitajiki. Sauti inakuja tu."

"Ya nani?"

Fundi akainama kufunga begi.

Jumamosi mke alibeba betri, akapanda naye. Waya ulibaki begini, lakini redio ilipowashwa tu, sauti laini ya kike ikamwita mumewe. Wenye redio hutaja kwanza jina la kituo chao, huyu hakutaja. Fundi akatabasamu, tabasamu ambalo mkewe aliliona mara ya mwisho siku za uchumba.

Mke akampokonya kipaza sauti. "Wewe, mwenye nyumba ni mimi. Kama unamtaka, acha kujificha hewani. Njoo nyumbani tuonane uso kwa uso."

Fundi alimtazama, midomo imekauka. "Mama, umefanya nini? Kila siku anaomba nimkaribishe, nakataa. Nampandia huku ili asishuke."

"Asante, dada," sauti ikasema. "Nimekupata vizuri."

Mke akaizima redio, akachomoa betri.

Walishuka, na harufu ya udi haikubaki kilimani bali iliwatangulia, ikikata kona kabla yao, ikipita kisimani, ikipita kwa kinyozi ambaye aliinua pua na kuuliza nani anaoa leo, hadi ikaishia mlangoni kwao, ambako kufuli lilining'inia vilevile walivyoliacha, na ndani kiti kilikuwa kinaburutwa.

Redio ilikuwa imezimwa, betri mkononi mwa mke. Akatia ufunguo.

"Dada," sauti ikasema kutoka jikoni, taratibu, kama mtu anayemfunza mtoto adabu, "kwenye nyumba ya watu hupigwa hodi."