Riveti Arobaini

Jumamosi moja ya mwaka 1987, jua likizama, fundi Nzomo wa soko la Salama alichukua drili akaenda nyuma ya gereji. "Namalizia kazi," alimwambia mkewe. Jambo la aibu hupewa jina la heshima.

Kazi yenyewe ilikuwa gari la Mwangangi, lililoopolewa mtoni wiki iliyotangulia. Mwangangi akiwa ndani.

Miezi miwili kabla, Mwangangi, mpenda mashindano ya magari, alikuwa amelileta akinung'unika. "Hili dirisha la paa linapiga kelele kama debe la mawe. Na ni zito, bwana! Toa kila kitu, ufunike na bati. Lakini weka nati za masikio, nifungue kwa mkono nikitaka hewa."

Nzomo alitoa kioo, mota na reli. Kilo ishirini na mbili. Lakini nati hulegea, kelele ingerudi, na Mwangangi alikuwa na mdomo. Akapiga riveti arobaini, pini zisizofunguka kwa mkono. Hakumwambia. Gari likanyamaza, na Nzomo naye.

Kisha mafuriko yakalisomba, matope yakabana milango.

Nani aulize habari za riveti? Watu walikuwa na wa kumlaumu: Syokau, mama wa kambo wa marehemu. Mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni: ushahidi wa kutosha. Kesho baada ya ibada angefukuzwa. Waliookoka asubuhi huwakumbuka wachawi mchana.

Nzomo alitoboa riveti ya kwanza.

Ngo.

Akasikiliza. Upepo? Gari lilikuwa limekauka siku kadhaa, lakini harufu ya tope bichi ilimpanda puani...

Ya pili.

Ngo.

Ilitoka ndani. Chini ya kiganja chake.

Riveti arobaini, ngo arobaini. Bati lilipong'oka, alimulika tochi. Viti vitupu. Akaligeuza bati: vishimo, kimoja juu ya kingine. Mtu alikuwa amegonga hapo kwa spana, muda mrefu.

Angeliacha vile, Syokau angepona. Badala yake alishika nyundo. Akanyoosha kila kishimo, akaziba matundu, akapaka rangi, akafunga nati nne za masikio.

"Nzomo..."

Syokau alikuwa amesimama uani, amejitanda leso.

"Mwaitu! Mama, umetoka wapi saa hii?"

"Nyumbani. Bado ni nyumbani mpaka kesho." Alinong'ona kama aliye kando ya mgonjwa. "Niambie tu, mwanangu. Alikuwa na njia ya kutoka?"

"Alikuwa nayo, mwaitu. Nati hizi hapa. Labda... alichanganyikiwa."

"Basi ni mimi, kama wasemavyo," alisema, akaondoka.

Nzomo hakulala. Kesho yake alibeba bati hadi uwanja wa kanisa, akalitupa mbele ya watu.

"Si uchawi! Ni mimi! Nilimfungia kwa riveti!"

Mzee Musyoka, aliyeongoza kikao, alilipapasa. "Riveti ziko wapi? Hili ni laini kama sahani. Na nati ndizo hizi." Akageukia umati, uso umeiva hasira. "Mmeona? Huyu mama amemfikia hata fundi wetu!"

Wakaenda kumtolea Syokau vitu nje.

Syokau alipita na godoro kichwani. Alisimama mbele ya Nzomo. Akapitisha vidole juu ya bati lile laini, polepole, vikisita hapa, vikisita pale, kama mtu anayepapasa vidonda.

"Kumbe aligonga hivi," alinong'ona. "Mara zote hizi."

Akashika njia ya barabara kuu. Hakuna aliyeona alipanda gari gani.

Nzomo bado anatengeneza magari. Wateja humsifu: gari likipita mkononi mwake halina kelele tena. Hawajui kwamba kila akikaza skrubu ya mwisho huegemeza kiganja juu ya paa, akingoja.

Ngo.

Naye hulegeza skrubu ile, akaanza upya.