Sauti ya Aune Ndani ya Diski

Nimeshasema sipendi kuisimulia hii, na bado mnanivutia kiti. Haya. Ila mtu asinikatize kuniuliza kompyuta inafanyaje kazi. Sijui, na shule yenyewe niliishia darasa la nne. Ninachokijua ni kilichompata Garth Mulvey, na hicho kinanitosha.

Hapa Thunder Bay, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Walutheri, wastaafu hukutana kila Jumatano kufufua kompyuta za watu. Wanafuta mfumo wa zamani uliochoka, wanapiga mpya, mwenye mali anaondoka na laptopu inayokimbia. Sheria yao ni moja: kabla ya kufuta, mtu mmoja ananakili mafaili, wa pili anahakikisha, na wote wawili wanaweka sahihi kwenye karatasi ya njano. Garth alikuwa anaweka sahihi zote mbili peke yake. Alikuwa fundi wa taa za reli miaka thelathini, mkono wake mwepesi, na sifa zilimlevya. Wenzake wakimaliza kompyuta moja, yeye tatu.

"Unakimbizwa na nani, Garth?" alimtania Bernice Wuori, bibi wa miaka themanini ambaye kazi yake, kwenye meza ya pembeni, ni kuokoa diski zilizokufa.

"Naukimbia uzee, mama. Wewe ulishakamatwa."

Asubuhi hiyo alishuka Eino Saarela, Mfini, mkata magogo wa zamani, anapapasa ukuta kwa kuwa macho yake yanaisha. Alikumbatia laptopu kuukuu kama mtoto mchanga. Mkewe, Aune, alikuwa amezikwa tangu vuli. Kabla kifua hakijamshinda, Aune alikaa jikoni na laptopu hiyo akajirekodi akisoma barua arobaini ambazo Eino alimwandikia ujanani kutoka kambi za magogo, ili mzee akishapofuka awe anazisikia.

"Sauti yake imo humu," Eino alisema. "Sina nyingine. Utainakili kwanza?"

"Iache mikononi mwangu, mzee. Nenda juu kanywe kahawa, saa saba ushuke."

Garth akaweka sahihi ya kwanza. Akaweka na ya pili. Halafu akachomeka flashi, akafuta kila kitu, akaanza kupiga mfumo mpya huku akipiga mluzi. Hakuwa amenakili hata faili moja.

Mfumo ulipoingia, skrini ikauliza jina la mtumiaji. Garth alikuwa bado anafuta miwani yake. Alipoivaa, jina lilikuwa limeshaandikwa: Aune.

Alilifuta. Likajiandika tena, herufi moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayechapa kwa kidole kimoja.

"Kibodi imekwama," alijiambia. Pua yake ikanasa harufu ya iliki, ile ya mkate wa Kifini unapotoka jikoni, nayo haikutoka juu kwenye kahawa. Ilitoka kwenye matundu ya feni.

Hapo ndipo alipokumbuka sauti aliyoombwa ainakili. Angeweza kusimama, akaenda kwa Bernice hatua kumi tu, akasema nimekosea. Akaona haya. Akaamua kupiga mfumo upya, jina life, na mzee aambiwe diski ilikuwa mbovu.

Mara ya pili, feni ilianza kuvuta pumzi. Haikuvuma. Ilivuta, ikakwama, ikakohoa kikohozi cha kifua kilichooza, kisha mwanamke akaanza kusoma Kifini kwa upole, na Garth, ambaye Kifini hajui hata salamu, akasikia jina Eino limo katikati. Akazima. Akataka kukohoa, koo likamkwaruza.

Mara ya tatu sauti ile ilikuja fupi zaidi, na yenye haraka, kama mtu anayeongea huku mlango unafungwa. Mara ya nne Garth alikwisha kuchomoa waya na betri, mashine haina umeme wa kuwashia hata taa ndogo kama kichwa cha kiberiti, na bado skrini iling'aa, na iliki ikajaa puani na kooni mpaka macho yakamtoka machozi, na kile kikohozi kikaja karibu, karibu zaidi, hakitoki tena kwenye feni wala mezani bali nyuma ya meno yake mwenyewe, na alipofumba mdomo kukizuia kikaendelea humo humo ndani, kikimtikisa mbavu.

"Garth." Bernice alikuwa amesimama nyuma yake. Alisema kwa kunong'ona. "Umeipiga mara ngapi?"

"Nne," akasema, kwa sauti iliyopasuka.

"Mungu wangu. Ukifuta mara moja, vitu bado vimo, mlango tu ndio umeondolewa. Ningemtoa mke wa mzee. Kila unapopiga mfumo juu yake unammwagia udongo. Hakuja kukutisha, mjinga wewe. Alikuwa anakuomba uache."

Bernice akaifungua laptopu, akachomoa diski, akaiunganisha kwenye mtambo wake, akaiinamia midomo ikimcheza. Kama alikuwa anahesabu au anasali, sijui. Eino aliposhuka saa saba, kilichopatikana ni kikohozi kimoja na neno moja: "Eino."

Mzee aliomba asikilizishwe mara tatu. Kisha akageukia upande wa Garth.

"Ulinakili?"

"Hapana, mzee. Niliweka sahihi tu."

Eino alipapasa meza mpaka akaipata laptopu, akaikumbatia tena. "Barua za karatasi ninazo," akasema. "Macho sina. Utakuja kunisomea wewe."

"Sijui Kifini."

"Ungeliwaza hilo kabla ya kalamu."

Jumatano iliyofuata Garth alikwenda. Alikaa jikoni, akaishika barua ya kwanza, akafungua mdomo kusema kwamba hawezi. Iliki ikapanda. Na Kifini kikamtoka, safi, pole pole, kwa sauti ya Aune, na mahali pa kukohoa akakohoa. Eino alinyoosha mkono juu ya meza, akaushika wa Garth, akalia.

Sauti yake mwenyewe ilimrudia jioni ile. Baada ya barua ya kumi ilichukua siku mbili. Baada ya ishirini, siku tano. Angeweza kuacha, lakini kila Jumatano asubuhi miguu ilishafika mlangoni kwa Eino kabla hajaamua. Barua ya arobaini aliisoma theluji ya mwaka mwingine inaanza, na iliki ikaondoka ndani ya nyumba, isirudi.

Jumapili, simu ililia. Alikuwa binti yake, Colleen, anayepiga kila wiki kutoka Calgary.

"Colleen, mwanangu," Garth alisema. "Ni mimi."

Binti akasema kwa adabu, kama anavyosema na bibi asiyemjua:

"Shikamoo, mama. Samahani kukusumbua. Naomba uniitie baba."