Dirisha la Upande wa Kulia

Dirisha la kwanza lilifunguka kulia kabisa, limejibana kwenye ukingo wa skrini, na mke mpya hakulitilia maanani. Alilivuta katikati kwa kipanya, akaendelea kutengeneza kadi za harusi za watu, kazi aliyoikuta humo nyumbani pamoja na kompyuta, mume, na kiti cha marehemu mke aliyemtangulia.

Kesho yake, kulia tena. Akaingia kwenye mipangilio ya programu, akachagua kila dirisha lijiweke lenyewe katikati, akahifadhi. Akafunga, akafungua. Katikati.

"Haya, tumeelewana," akaiambia mashine.

Alikwenda kumimina chai. Aliporudi, madirisha yote yalikuwa yamerundikana kulia, nusu ya kushoto tupu, na chumba kinanuka spiriti ya kusafishia vidonda.

Nani mwenye akili zake angebaki pale? Yeye alibaki. Ilikuwa ndoa yake ya pili, na kwao walishamwambia wazi kwamba hawatampokea tena.

Wifi yake alipokuja kumsalimia, mke mpya alimvuta pembeni.

"Wifi, marehemu alikuwa na nini na upande wa kulia?"

Wifi akautazama mlango kwanza. "Jicho lake la kushoto lilikuwa halioni. Alianguka bafuni."

"Alianguka?"

"Ndivyo kaka alivyosema. Wifi yangu, nakuomba, usichokonoe."

Mume alipopata habari za madirisha hakutaka maelezo. Jini huyo, alisema, akaleta mganga mchana kweupe. Mganga akasoma, akafukiza, akasoma tena, mpaka kile kiti cha marehemu, kilichosogezwa kushoto mwa meza na kisichokaliwa na mtu, kikaanza kutoa mlio kidogo kidogo kana kwamba mtu aliyechoka anajiinua, na ile harufu ya spiriti ikapita puani mwa kila mmoja wao, ikaelekea mlangoni, na mlango ukafunguka bila mkono wa mtu.

"Ameondoka," mganga akasema.

Tangu hapo madirisha yakatii. Katikati, kila siku.

Kisha kadi za mteja mmoja zikatoka na tarehe yenye makosa. Mume hakuuliza mara mbili. Alimpiga ngumi.

Asubuhi mke alikaa mbele ya kompyuta, jicho la kushoto limevimba hadi limefumba. Jirani alishamuuliza, naye alishajibu: ameanguka bafuni. Akafungua programu. Dirisha likatokea katikati, na yeye haioni nusu yake ya kushoto. Halafu likaanza kusogea lenyewe, polepole, likaenda hadi kulia, pale alipoweza kulisoma bila kugeuza shingo. Kiti cha kushoto kikatoa mlio. Harufu ya spiriti ikajaa chumba.

Aliogopa, ndiyo, lakini hakumwogopa aliyeketi kushoto kwake.

"Kaa hapohapo, dada," akanong'ona.

"Unaongea na nani huko?" mume akauliza kutoka chumba cha pili.

"Na mteja," akajibu, akaendelea na kazi.