Kifuniko Kilichokuwa Stoo

Asubuhi ya onyesho, fundi wa piano alifanya kile alichofanya kila Malkia alipokuja kupiga piano ukumbini kwao. Alifungua skrubu za pembeni, akakitoa kile kifuniko kirefu cheusi kinachoshuka juu ya vibonyezo, akakizungushia blanketi, akakifunga kamba na kukipeleka stoo.

"Kimekukosea nini hiki, mama?" alimtania. "Wenzako wanadai maua na chai. Wewe kila siku kifuniko."

"Kazi yako kukitoa, si kuuliza," alisema Malkia, akacheka kidogo ili isionekane amekasirika.

Malkia ndilo jina walilompa wafanyakazi wa ukumbi. Magazeti yalikuwa yameandika mengi juu ya mikono yake. Juu ya mdogo wake hayakuandika neno.

Walijifunza pamoja, kwenye piano moja, sebuleni kwa baba yao. Mdogo ndiye aliyekuwa na kipaji. Chuo cha muziki kilipotangaza nafasi moja tu, mwalimu wao hakuficha ni nani angeichukua. Asubuhi ya mtihani, mdogo akiwa anapasha vidole moto, dada mtu alikiachia kifuniko kikashuka. Kisha akakikandamiza kwa uzito wake wote. Nyumbani alisema kiliteleza.

Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia wa mdogo wake havikunyooka tena, mpaka alipozikwa mwezi uliopita. Malkia hakwenda mazikoni. Alikuwa na onyesho.

Wiki moja baada ya mazishi, binti wa marehemu alikuja kuomba kazi ya kumfunulia kurasa za noti za muziki anapopiga.

"Mama ndiye aliyenituma," alisema mbele ya meneja. "Alikuita umwone kabla hajafa, mama mkubwa, hukuja. Akasema basi, atakuja yeye."

Malkia aliyachukulia kuwa maneno ya mfiwa. Kumkataa pale pale kungezua maswali. Akamkubali.

Jioni ukumbi ulijaa. Binti aliketi kushoto kwa Malkia, kama wafunua kurasa wote. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia.

Wa tatu ulifunuka kabla binti hajainuka.

Ulifunuliwa kutoka kulia.

Malkia hakugeuza shingo. Kwa pembe ya jicho aliuona mkono mdogo ukiiachia ncha ya karatasi. Vidole vitatu vimenyooka. Viwili vimekunjwa.

"Umeuona?" alinong'ona, bila kuacha kupiga.

"Nimeona nini, mama mkubwa?"

"Mkono."

Binti alikaza macho kwenye noti. "Piga tu. Watu wanasikiliza."

Akapiga. Sauti za juu, ambazo hakuzigusa, zikaanza kulia zenyewe. Aliujua wimbo ule. Haukuwa kwenye onyesho. Ulikuwa wimbo wa mtihani, na mikono yake ilikuwa inaufuata kama mtoto anayevutwa sokoni. Watu wa safu ya mbele waliinama kusikiliza. Baadaye walisema hawajawahi kumsikia akipiga vizuri namna ile.

Alitaka kuiondoa mikono. Haikuondoka.

Upande wa kulia wa kiti ukabonyea. Mtu amekaa.

Pumzi ya baridi ikamgusa sikio.

"Leo hakitelezi, dada."

Kishindo.

Ukumbi mzima ulikisikia: mbao juu ya mbao. Waliokuwa mbele waliiona mikono ya Malkia imebanwa juu ya vibonyezo. Hakukuwa na kitu kilichoibana.

Hospitali, daktari alimwambia mifupa ya vidole vyote imepondeka, na kwamba hatapiga tena. Alimuuliza ni kitu gani kizito kilichomwangukia. Malkia aligeukia ukutani.

Siku ya pili fundi alikuja kumjulia hali. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Binti alikuwa ameketi kando ya kitanda, anamenya chungwa.

"Mama, ufunguo wa stoo ninao mimi peke yangu," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Kamba niliikuta kama nilivyoifunga. Nikafungua blanketi. Ukingo wa kifuniko umelowa damu. Na kwa juu kuna alama ya kiganja, kama cha mtu aliyekuwa anakandamiza. Kidogo kuliko changu. Vidole vitatu tu. Damu nimeifuta ikatoka. Kiganja hakitoki."

Malkia alifumba macho.

"Kirudishe tu kwenye piano, fundi," binti alisema, na kumpelekea mama yake mkubwa kipande cha chungwa mdomoni. "Hakimtafuti mtu mwingine."

Fundi alikirudisha. Kabla ya hapo alikipiga msasa, akakipaka rangi nyeusi, akakiacha juani kikauke. Jioni ile ile alama iliibuka tena juu ya rangi mpya, ndogo, safi.

Safari hii vidole vyote vitano vilikuwa vimenyooka.