Mhariri wa Habari za Makaburini

Siku ya mnada Bunda, mwanadamu mwenye akili timamu huenda kutafuta mbuzi, jembe au viatu vya mtumba. Mseti alikwenda kutafuta deki. Ieleweke, kwa manufaa ya kizazi kilichozaliwa na simu mkononi, kwamba deki ni sanduku jeusi linalomeza kanda ya video na kutoa picha kwenye televisheni. Zamani nyumba yenye deki ilikuwa na marafiki wengi kuliko kanisa.

Aliiona kwenye turubai la muuza vyuma chakavu, kati ya pasi ya mkaa na feni lisilo na mapanga. Akainama. Mkono wake ukatua upande wa kushoto wa deki wakati uleule mkono mwingine, wenye kucha za rangi ya damu ya mzee, ulipotua upande wa kulia.

"Kaka, achia," alisema mwenye kucha.

"Dada, mimi nimetangulia kuinama."

"Na mimi nimetangulia kuiona. Tangu jana nimeiona."

"Jana hapakuwa na mnada."

"Niliiota, basi. Achia."

Mseti akainua macho, jambo ambalo mtu anayetaka kushinda ubishi hapaswi kulifanya. Aliona gauni la kitenge cha kijani lililobana kiunoni, shingo ndefu, na tabasamu la mtu aliyezoea kuwaambia wagonjwa kwamba sindano haiumi. Jina lake lilikuwa Consolata, muuzaji wa duka la dawa mtaa wa Manyamanyama, hapohapo Bunda.

"Unaitakia nini?" Mseti aliuliza, sauti imeshapungua nusu.

"Nina kanda moja ya marehemu baba. Moja tu, na sina pa kuichezea. Filamu ya mashetani, ya zamani. Jumba la Kengele Saba."

Mseti akaachia deki kama imemuunguza.

Hapa lazima tumtambulishe kijana huyu kwa heshima zake zote. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mpiga picha za pasipoti mjini Musoma, na kila Ijumaa alikuwa mhariri mkuu, mhariri msaidizi na tarishi wa *Habari za Makaburini*, jarida la WhatsApp la wapenzi na wakusanyaji wa filamu za kutisha za zamani. Lilikuwa na wasomaji arobaini na watatu, wawili kati yao wakiwa shangazi zake walioandikishwa bila kuulizwa. Toleo la wiki ile lilianza hivi:

"Salaam, marehemu watarajiwa. Kanda ya Mzimu wa Kisimani imeonekana Tarime. Kava limeliwa na panya, panya hajulikani alipo. Msomaji wetu wa Kibara anabadilisha Mkono Uliobaki kwa filamu yoyote yenye popo. Na Jumba la Kengele Saba bado halijapatikana mkoa mzima. Tuombe."

"Dada Consolata," Mseti alisema, "nikubebee hiyo deki mpaka nyumbani?"

"Nyumbani kwangu au kwako?"

"Kwako! Mungu wangu. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Na mashetani?"

"Hayo ni ya siku za kazi."

Wakapendana. Hakukuwa na namna ya kuzuia. Jumamosi Mseti alikwenda Bunda, Jumapili Consolata alikuja Musoma, wakakaa juu ya mawe ya ufukweni wakila sato wa kukaanga, wakibishana kama mzimu unaweza kuona njaa. Usiposikia sauti zao kwenye mawe, ujue wapo kwenye simu.

"Umekula, mhariri?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Sijakuona siku tatu."

"Mimi siliwi."

"Basi nitakunusa tu."

"Nanuka dawa ya kikohozi."

"Ndiyo maana sikohoi tangu tukutane, mama."

Kanda yenyewe ilikuwa mgonjwa mahututi. Ilipoingia kwenye deki picha ilijaa ukungu, na juu ya maneno ya wazungu mwanaume fulani alikuwa akipiga kelele kwa Kiswahili. Baada ya dakika moja deki ikaitafuna. Consolata aliichomoa kwa uangalifu wa mkunga.

"Nenda nayo Musoma ukaitibu," alisema. "Ikipona tutaiangalia pamoja, halafu nitakuambia jambo. Kabla ya hapo sisemi."

Mseti akaondoka nayo, na hapo ndipo upendo ulipomponza. Kwa sheria za wakusanyaji, kanda iliyopigiwa kelele za mtafsiri wa banda la video, anayewaeleza kwa Kiswahili watazamaji waliolipa kiingilio, ni kanda iliyonajisiwa. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuandika tahariri kali juu ya jambo hilo. Akamsihi mkusanyaji mmoja wa Mwanza mpaka akatumiwa nakala safi ya filamu ileile, picha kama maji ya chupa. Kisha, kwa kuwa kanda ya Consolata ilikuwa na mwandiko wa baba yake ubavuni, aliunganisha deki mbili za kuazima, akarekodi ile nakala safi juu ya kanda hiyohiyo. Alifanya kazi hiyo huku anapiga mluzi.

Jumamosi akaifikisha Bunda akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono. Rebeka, mwenzake Consolata wa duka la dawa, alikuwepo na soda zake. Filamu ikaanza. Kengele zikalia. Mzungu mwenye joho akashuka ngazi akiongea Kiingereza safi kabisa.

Consolata alisubiri. Alisubiri mpaka mzungu akafika chini ya ngazi.

"Mseti, sauti iko wapi?"

"Si hiyo?"

"Ya mtu anayetafsiri."

"Aa, yule mpiga kelele? Nimemfuta kabisa! Sasa unasikia mpaka..."

"Yule mpiga kelele ni baba yangu."

Rebeka akaweka soda chini.

"Baba alikuwaga mtafsiri wa banda la video," Consolata alisema, na hakupandisha sauti hata kidogo, jambo lililokuwa baya zaidi. "Enoka wa Kibara. Alifariki nikiwa na miaka kumi na nne. Picha zake ninazo. Sauti yake ilikuwa hapo tu. Nilitaka uisikie yote, ndipo nikuambie ulikuwa unamsikiliza nani."

"Consolata, mimi..."

"Nenda, Mseti. Uchukue na deki."

Kwa wiki mbili alimpigia. Simu iliita, ikaita, kisha ikaacha hata kuita. Siku moja ikapokelewa.

"Shemeji, ni Rebeka. Usimpigie. Kila ukipiga anaangalia jina lako halafu anatoka nje."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Mwenzangu, ungemfumania na mwanamke mwingine ingekuwa afadhali. Ningejua pa kuanzia kumbembeleza."

"Ningefumaniwa mimi."

"Unajua nilichomaanisha!"

Ijumaa iliyofuata *Habari za Makaburini* ilitoka bila popo wala panya:

"Wasomaji, mhariri wenu ni mpumbavu. Nimefuta sauti ya mtafsiri Enoka wa Kibara, nikidhani nasafisha. Ninafuta pia tahariri yangu dhidi ya watafsiri. Yeyote mwenye kanda yoyote yenye sauti ya Enoka, hata dakika moja, hata iliyooza, anipigie. Nitatoa mkusanyiko wangu wote, kanda sitini na moja."

Jibu lilitoka Butiama, kwa Mzee Clementi, aliyekuwa mwenye banda la Kibara enzi zile. Mseti akafika kesho yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mpumbavu?"

"Ndiye mimi."

"Kanda ninayo. Bibi Harusi wa Bwawani. Enoka alitafsiri watu wakiwa wamejaa bandani, mimi nikarekodi. Lakini haitoki humu ndani, na hizo sitini na moja zako sizitaki, naogopa mashetani. Mwambie mtoto wake aje mwenyewe."

Mseti akampigia Rebeka, naye Rebeka akamwambia Consolata. Jumapili baada ya misa alishuka Butiama akiwa na gauni jeupe la kanisani na kitambaa cha bluu kichwani. Alimsalimia Mzee Clementi kwa kupiga goti. Mseti alipewa salamu ya kichwa tu, naye akabaki amesimama mlangoni kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae.

Deki ikameza kanda. Picha haikuwepo. Ilikuwa imekufa zamani, kioo kizima kilijaa chengachenga nyeupe. Kwa mkusanyaji yeyote hiyo ni takataka. Kisha, kutoka ndani ya chengachenga, mtu akakohoa.

"Karibuni Kibara! Mliokaa mbele inamisheni vichwa, nyumba si ya kwenu. Haya, huyu bwana mwenye joho ameamka kaburini, anatafuta damu. Ona, anainywa hivihivi bila maziwa! Huyu kalelewa na nani?"

Banda zima la miaka ile likacheka. Mzee Clementi akacheka. Consolata alicheka, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili, akacheka tena humohumo mikononi. Juu ya meza simu tatu zilikuwa zinarekodi, na Mseti alizikagua mara nne kama zinarekodi kweli.

Sauti iliendelea. Ilikuwa nene, yenye haraka, ikikataa kumwogopa mtu yeyote aliyekufa.

"Sasa huyu kijana amefika kwa binti. Amesimama mlangoni, miguu inatetemeka. Ongea, bwana! Umekuja kukagua bawaba?"

Consolata hakugeuka.

"Umeulizwa," alisema.

"Nani, mimi?"

"Kuna kijana mwingine mlangoni?"

Mseti akaingia hatua moja ndani. Mzee Clementi akajifanya anatafuta miwani.

"Consolata, nimekukosea kosa lisilolipika. Ukinikubali nitakuoa, na watoto wetu watajua sauti ya babu yao kabla ya kujua yangu. Ukinikataa, rekodi hizi ni zako zote hata hivyo."

"Nyamaza kwanza," Consolata alisema. "Baba hajamaliza."

Wakasikiliza. Ndani ya chengachenga Enoka alivuta pumzi, na watu wa Kibara walinyamaza wakimsubiri.

"Binti anasema atafikiri," alitafsiri. "Msimwamini. Ameshafikiri."

Consolata akasogea kwenye kochi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.