Msusi wa Nyika ya Taji

Saa nne asubuhi vichwa sita vilikuwa vinasukwa kwa pamoja katika saluni ya Mama Eliza, na hapakuwa na mkono wa mtu hata mmoja juu yake.

Nyuma ya kila kiti ilisimama mashine nyembamba yenye vidole kumi na viwili vya mpira laini. Kiwandani ilipewa jina refu, lakini Singida nzima iliiita Vidole. Iligawa nywele, ikashika, ikapitisha, ikakaza, wala haikuacha kichwa cha mtu ili ijibu simu. Wateja wenyewe walikaa kimya, miwani-njozi imewabana usoni. Ukiivaa miwani hiyo, mwili unabaki kwenye kiti, wewe unakwenda zako. Wale sita walikuwa ndani ya Nyika ya Taji, mchezo wa falme na mazimwi uliokuwa umewateka watu kuanzia wanafunzi mpaka bibi zao.

Katika mchezo huo kila mtu huanza akiwa mpita njia asiye na jina. Huteremka bondeni mpaka kwenye pango, na mlangoni mwa pango, juu ya kigoda, amekaa mwanamke aliyejifunika uso. Huyo ndiye Msusi. Hasemi. Anakikalisha kichwa chako katikati ya magoti yake na kukusuka, na mtindo atakaokusuka ndio maisha yako humo ndani. Akikufunga mabutu, utatawala. Mistari ya kuzunguka ni safari ndefu. Akikusuka twende kilioni, ile mistari ya harakaharaka ya kurudi nyuma ambayo wanawake husukana wakipata habari za msiba, basi ujue utamzika unayempenda. Na alichosuka Msusi kule, Vidole ilikisuka huku. Mtu alinyanyuka kwenye kiti na majaliwa yake kichwani, akaenda nayo sokoni.

Msusi ni nani? Kampuni ilisema ni akili bandia. Wengine walisema ni jini.

Kazi ya Mwajabu pale saluni ilikuwa kuosha vichwa, kukausha na kuchambua nywele zilizofungamana, maana hiyo ndiyo kazi pekee iliyokuwa imeishinda Vidole. Zamani alikuwa na kiti chake mwenyewe pale, karibu na kiti cha dada yake, Siwema. Miaka sita iliyopita watu wa kampuni walipita wakitafuta wasusi hodari, wakamchukua Siwema. Mwaka wa kwanza alituma salamu. Baada ya hapo, kimya. Mama yao alipouliza alijibiwa, "Mfanyakazi wenu anaendelea vizuri." Aliuliza mara tisa, na mara zote tisa jibu lilikuwa hilohilo, herufi kwa herufi.

"Twende kilioni! Mimi?"

Aliyepiga kelele ni Nyamizi, dereva wa treni ya umeme, ambaye alikuwa amevua miwani na kujishika kichwa.

"Pole, shoga," Mama Eliza akasema bila kuinua macho. "Ni mchezo tu."

"Mchezo gani? Nitapitaje kwa mama mkwe na kichwa hiki? Si atauliza nani kafa?" Nyamizi akajigeuza kwenye kioo. "Na hiki kidude chenu hakijui hata kunyoosha mstari. Tazama huku nyuma."

Mwajabu alikuja na mafuta ili amtulize. Akatazama. Nyuma ya sikio la kushoto mstari wa tatu ulikuwa umepinda kidogo, kama kinjia kinachokwepa kisiki, kisha ukarudi na kuendelea na safari yake. Chini yake hapakuwa na kisiki wala nini. Ngozi safi.

Chupa ya mafuta ilimponyoka ikaanguka.

"Haya, na wewe umeona nini?" Mama Eliza akauliza.

"Sijaona kitu."

Alikuwa ameona. Mwajabu alipokuwa na miaka minne, uji wa moto ulimmwagikia, ukamwachia kovu nyuma ya sikio la kushoto, mahali pasipoota nywele mpaka leo. Siwema alijifunza kusuka kwenye kichwa hichohicho. Kila siku baada ya shule alimkalisha mdogo wake katikati ya magoti, na kila mkono ulipofika kwenye kovu ulizunguka taratibu asije akamuumiza. Mkono ukazoea. Alipokuwa msusi mkubwa bado alipinda palepale, kwa mtu yeyote. Mama Eliza alikuwa akimpigia kelele, "Siwema, huyo hana kovu!" Siwema alicheka, akafumua, akasuka upya, na mkono ukapinda tena.

Siku ile Mwajabu alikagua vichwa vyote vilivyotoka kwenye viti. Vyote vilipinda. Alipomaliza akaenda kusimama uani, akashika kovu lake kwa vidole viwili. Tangu Vidole ilipokuja alikuwa amezifuta sakafuni nywele zilizopita katika mkono wa dada yake, na hakujua.

Ijumaa mchana alikuja fundi wa kampuni, kijana mmoja mpole aitwaye Gwau, akafungua mgongo wa Vidole na kuchomeka waya zake.

"Kuna kasoro nyuma ya sikio," alimweleza Mama Eliza. "Nchi nzima wanalalamika. Kesho tunaweka kinyoosho. Programu ndogo tu, mstari ukitaka kupinda, inaunyoosha."

"Na hiyo kasoro ilitoka wapi?" Mwajabu akauliza, akijifanya anakunja taulo.

"Kwa aliyeifundisha. Mashine haizaliwi inajua, dada yangu. Kuna mtu alivaa glavu zenye hisia, akasuka vichwa maelfu, yenyewe ikamwangalia. Ikachukua mazuri yake na mabaya yake."

"Na huyo mtu yuko wapi sasa?"

Gwau alitazama mlangoni, kisha akapunguza sauti. "Yuko mbali kaskazini, kwenye jengo la chini ya ardhi. Mitambo inataka baridi. Mkataba wake ni wa miaka kumi, asitoke, asiseme na mtu, asiandike. Watu wakijua Msusi ni mama fulani mwenye kwao, nani atamwogopa? Yeye anakaa pale na glavu zake. Mashine ikikutana na kichwa isichokielewa, inasimama, inamwita. Anashika mwenyewe, anamalizia. Kinyoosho kikishaingia haitamwita tena mara kwa mara. Pengine kabisa." Akajifuta jasho. "Sasa nahitaji kichwa cha majaribio, niipime kasoro kabla hatujainyoosha. Nani ananisaidia?"

"Chukua changu," Mwajabu akasema.

Mama Eliza alimtazama, akatazama sikio lake la kushoto. Akavuta kigoda, akaketi karibu na mlango kama mtu anayemngoja mgeni.

Mwajabu alivaa miwani, na saluni ikaondoka. Alijikuta anateremka bondeni kwenye nyasi zinazofika kiunoni. Mwanamke alikuwa pale kwenye kigoda, uso umefunikwa. Mwajabu akaketi chini, akaegemeza mgongo kwenye miguu yake, na vidole vikaingia kichwani.

Hakuwa yeye. Vilikuwa vidole vyepesi, vya haraka, visivyosita. Vilikwenda kama maji ya bomba. Mstari wa kwanza, wa pili. Mwajabu akangoja.

Mstari wa tatu ukafika nyuma ya sikio, na vidole vikasimama.

Mashine ilikuwa imefundishwa kukwepa kitu, lakini haijawahi kukikuta. Sasa kilikuwepo. Vidole vikagusa kovu, vikarudi nyuma, vikagusa tena. Vikaganda hewani. Mlangoni mwa pango upepo ukatulia, nyasi zikaacha kuyumba.

Kisha mikono ikarudi, na haikuwa ileile. Ilikuwa mizito zaidi, na ilikuwa na uchovu. Mgongo wa chanuo ukamgonga utosini mara mbili, taratibu. Inamisha kichwa.

Mwajabu akainamisha. Machozi yakadondoka moja kwa moja kwenye nyasi.

"Dada," akasema. "Ni mimi, Mwajabu."

Mikono haikujibu. Msusi hakutengenezewa sauti. Lakini kidole kimoja kilikuja kwenye kovu, kikalizunguka pole, mara moja, mara mbili, kama mtu anayesoma jina kwa kupapasa.

Basi Mwajabu akafanya kile ambacho mwanamke hufanya akiwa anasukwa. Akapiga soga.

"Mama hajambo, magoti tu. Bado anasema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Tulihamia Mandewa, nyumba ina uwanja, amepanda mchicha mpaka mlangoni, hapitiki. Binamu Shida ameolewa, usicheke, na yule yule wa trekta. Mama Eliza amenenepa, Siwema, ukimwona utadhani wamo wawili."

"Nimekusikia!" sauti ya Mama Eliza ikaja kutoka mbali sana, kutoka dunia nyingine.

Magoti nyuma ya mgongo wa Mwajabu yalitetemeka. Alikuwa anacheka. Au alikuwa analia, huwezi kujua kwa magoti.

Mstari wa tatu ukakamilika, na wa nne, na wa tano. Nusu ya kichwa ilipofika, mikono ikasita. Kisha ikaanza kufumua. Ikafumua mstari mmoja mmoja mpaka mwanzo, ikachana, ikagawa, ikaanza tena. Mwajabu alielewa. Katika Nyika ya Taji ukishamaliziwa kusukwa unanyanyuka unakwenda, wala hutarudi tena pangoni. Siwema alikuwa hataki kumaliza. Alisuka nusu akafumua. Akasuka nusu akafumua. Kule saluni Gwau aligonga saa yake akisema mashine imepata wazimu, na Mama Eliza akamwambia aiache, ina haki.

Mara ya tatu Mwajabu akaushika ule mkono.

"Dada, kesho wanaunyoosha mstari wako. Kuanzia kesho sitakujua tena kwenye vichwa vya watu." Akaubana ule mkono. "Siji kukulaumu. Nataka ujue tu kwamba tunakungoja. Hatujazoea. Watu wanasema mtazoea, na sisi tunaitikia, lakini hatujazoea."

Mkono ulibaki ndani ya mkono wake, hausogei. Kisha ukajitoa, ukasuka mistari mitano ya upande wa kushoto, imara, mizuri, ukaifunga ncha zake. Upande wa kulia haukuuanza. Ukalala juu ya nywele zile ambazo hazijasukwa, kiganja kizima, kama mtu anayeweka alama mahali pake kwenye foleni.

Na ukaondoka. Kigoda nyuma ya mgongo wake kilikuwa kitupu.

Alipovua miwani, vidole kumi na viwili vilikuwa vinaning'inia. Simu ya Gwau ilikuwa inaita.

"Ndiyo, niko Singida... Sijafanya kitu, nilikuwa najaribu tu... Amevua glavu? Ametoka kwenda wapi?" Akasikiliza, akakuna shingo. "Sasa mnaniuliza mimi? Si ninyi mlio naye?"

Mama Eliza alikuwa ameshasimama na kitana mkononi. Akakitazama kichwa cha Mwajabu, nusu imesukwa, nusu imesimama wima. "Keti nikumalizie, mwanangu. Huwezi kupita barabarani hivyo."

"Hapana, Mama. Nina wa kunimalizia."

Akajifunga kitenge kichwani, akaenda nyumbani akipita katikati ya watu, chini ya vinu vya upepo vilivyozunguka juu ya majabali. Mama yake alikuwa uwanjani anachuma mchicha. Mwajabu akafungua kitenge. Mama akamtazama, akajinyoosha kwa shida, akamzunguka upande wa kushoto na kusogeza uso karibu na sikio.

"Huyu kakuacha hivi kwa nini?"

"Sijui. Ameondoka kwenye kigoda chake."

Kutoka kaskazini ni siku mbili kwa treni, kama mtu ana nauli na hakuna wa kumzuia getini. Mama hakuuliza hayo. Aliosha matope mikononi, akaleta mkeka, akaketi na kumvuta binti yake katikati ya magoti yake yanayouma. Akachukua chanuo na mafuta, akaanza kuchana upande wa kulia, ncha kwanza, taratibu, mpaka nywele zikawa laini kabisa. Hakusuka hata unywele mmoja.

"Kesho tena nitakuchana," alisema, "na kesho kutwa. Asije akakuta zimefungamana."