Namba Ambayo Dorsaf Hakuibadilisha

Kila alasiri baada ya vipindi, Dorsaf alikuwa akivua aproni yake ya buluu ya shule, akila njiani chapati yake ya jodari na harisa, ile pilipili ya kusaga, na kuingia Nyumba ya Vijana ya mtaa wao, mjini Sfax, Tunisia, kabla kiti cha dirishani hakijachukuliwa.

Katika kikundi cha mchezo, kazi yake ilikuwa kutunza kifurushi. Mchezo ulikuwa wa kompyuta, wa kujenga miji, na kifurushi kilikusanya nyongeza zote walizozipenda: milango yenye misumari, vigae, taa za ukutani. Ili waingie pamoja katika seva ya kikundi, kompyuta zote zilipaswa kuwa na nyongeza zilezile. Ndiyo maana kila kifurushi kilikuwa na namba ya toleo. Namba ikipanda, kila mtu alipakua upya. Isipopanda, waliendelea kujenga.

Jumamosi wazazi wangekuja kuutazama mji wa kale waliokuwa wakiujenga tangu msimu wa kuchuma zeituni.

"Hili ni toleo 1.4, na ndilo la mwisho," Dorsaf alitangaza Jumatano.

"Alhamdulillahi!" Ghazi akadakia. "Maana wewe na matoleo yako kama mkate wa tanuri. Kila siku, wa moto!"

Wote walicheka. Dorsaf naye alicheka, lakini masikio yalimwaka.

Kesho yake aligundua kwamba nyongeza ya taa ilikuwa ikiikwamisha kompyuta ya Manel. Waliozitengeneza taa hizo walikuwa wametoa faili jipya. Dorsaf akaliweka kwenye kifurushi na kwenye seva, akaliondoa la zamani. Alipofika penye namba, vidole vikasita. Akiandika 1.4.1, Ghazi ataanza tena habari za mkate.

"Ni taa tu," alijisemea, akaiacha namba ilivyokuwa. Kisha akamnong'oneza Manel apakue tena.

Ijumaa Manel aliingia mchezoni bila shida. Ghazi akakataliwa na seva.

"Una toleo gani?" Manel alimuuliza.

"Moja nukta nne, kama wewe! Tazama mwenyewe!"

"Basi umechezea mafaili. Si ndiyo tabia yako? Nani alituletea mazimwi mchezoni mwaka jana?"

"Wallahi safari hii sijagusa kitu!"

"Mwongo! Na taa za mtaa wa wafua shaba umezipeleka wapi? Mtaa mzima giza!"

Ghazi alikuwa karibu kulia. "Basi naifuta kompyuta nzima nianze upya. Ni ya dada yangu, kazi zake za chuo zimo humu, ataniua, lakini nitafanyaje?"

Dorsaf alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Usifute! Ni mimi. Nilibadilisha faili la taa, ndiyo maana za zamani zimetoweka mjini, na namba nikaiacha."

Wote wakamgeukia.

"Ukaniacha niitwe mwongo?" Ghazi aliuliza.

"Niliogopa utanicheka. Nisamehe."

Bi Wided, mlezi wa kikundi, alisogea. "Tunayo nakala ya mji ya Jumatatu. Tuirudishe?"

"Na soko langu?" Manel akaruka. "Nimelijenga jana!"

"Haturudi nyuma," alisema Dorsaf. "Taa mpya nitazipachika mwenyewe, moja moja, mpaka ziishe."

Aliandika 1.4.1, na chini yake: *Nimebadilisha taa. Pakueni upya.* Alipita kwenye kila kompyuta kuhakikisha imeingia, akianza na ya Ghazi. Kisha akaketi na kuanza kupachika. Mgongo ulimuuma, macho yakamwasha, hakuinuka. Alikuwa amefika kwenye kisima cha katikati ya mtaa Ghazi alipovuta kiti.

"Sogea, dada wa mikate. Upande wa kushoto niachie. Kwa mwendo huu wazazi watakuja na kuondoka."

Jumamosi wote waliingia mjini kwa pamoja, na mtaa wa wafua shaba uling'aa mwanzo hadi mwisho. Wazazi walipokuwa wakinywa chai, Bi Wided aliwaita watoto pembeni.

"Kubadilisha taa halikuwa kosa, Dorsaf. Mabadiliko ni kazi yako. Kosa lilikuwa kuyaficha. Mwenzako akisoma namba uliyoiandika, hawezi kuona kilichomo ndani. Anakuamini wewe. Ukimficha, yeye ndiye anayeonekana mwongo. Kwa hiyo, hata badiliko liwe dogo namna gani, ipandishe namba na useme ulichofanya, wacheke wasicheke."

Akamgeukia Ghazi. "Nawe, ukimcheka mtu kwa kufanya kazi yake vizuri, unamfundisha kujificha."

"Nimesikia, Bi Wided," Ghazi alijibu, akitazama viatu vyake.

Dorsaf alishusha pumzi. "Basi nawaambieni mapema. Milango ina hitilafu. Kesho kuna 1.4.2."

Safari hii Dorsaf ndiye aliyecheka wa kwanza, kisha wote wakacheka naye.